Diski Tuliyoiacha Wazi

Nyumbani kwetu hapakuwa na kifutio. Nilipita shule ya msingi na ya sekondari nikiwa mwanafunzi pekee darasani asiye na kile kipande cha mpira cha kufutia penseli, na mwalimu aliponiuliza sababu nilimjibu kwamba baba yangu hakitaki. Ilikuwa kweli. Baba alikuwa msomaji wa maji katika bandari ya Kisangani. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alishuka hadi kwenye ukuta wa gati, akatazama bamba refu la chuma lenye namba lililopigiliwa pale, akaona mto umefika wapi, kisha akaandika namba hiyo daftarini. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na wakati vita vinaanza alikuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Daftari lilikuwa na kanuni moja ambayo ilihamia mpaka kwenye madaftari yetu ya shule: ukikosea, hufuti. Unachukua rula, unapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, mstari usiolizuia kusomeka, halafu unaandika pembeni namba ya kweli na kutia sahihi.

Vita vilipoligawanya taifa, mji wetu ulibaki upande mmoja na mji mkuu upande mwingine. Meli ziliacha kupanda na kushuka. Ofisi iliyokuwa ikipokea namba za Baba ilikuwa katika mji mkuu, huko chini mto unakoelekea, mwisho wa safari ya meli, na barua haikufika tena. Yeye aliendelea kushuka gatini. Wanajeshi wa kigeni waliolinda bandari walimshuku mwanzoni kwa sababu ya daftari; siku moja walimweka juani hadi adhuhuri wakimuuliza anahesabu nini. Aliwaonyesha bamba, akawaonyesha maji, akawaonyesha namba. Tangu siku hiyo walimwacha apite, na mmoja wao alizoea kumuuliza kila asubuhi kama mto umelala vizuri.

Mimi nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya sayansi hapo hapo mjini na sikuwa na kazi. Madaftari yalikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha wazazi wangu. Baada ya zile siku za mabomu, majeshi ya kigeni yalipopigana ndani ya mji wetu na kombora likatoboa paa tulilochangia na jirani na mvua ya usiku uliofuata ikaingia hata kwetu, tulilifungua sanduku na kukuta maji yamekula ukingo wa miaka mitatu. Wino ulikuwa umetawanyika kama chai. Baba alikaa kitandani akayaweka madaftari mapajani, akayafungua moja baada ya jingine. Nilimwona mtu aliyegundua kwamba kazi ya maisha yake ilikuwa kwenye karatasi, na kwamba nakala yake haipo popote duniani.

Ndipo nilipomkumbuka mwenye duka wa mtaa wa Tshopo. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyekuja na biashara ya jumla ya sabuni na vitenge, na ndege moja ikamletea, katikati ya mizigo hiyo, kompyuta, mashine ya kupiga picha za karatasi, na kile chombo ambacho sote tulikiita kwa Kifaransa graveur: chombo cha kuandikia CD kwa mwanga. Kazi yake kubwa ilikuwa kwaya. Kila parokia ilitaka nyimbo zake ziwe kwenye diski. Nilimweleza habari ya madaftari, akasema nije nayo, na kwa wiki saba nilikwenda dukani kwake kila siku kabla wateja hawajajaa. Nilipiga picha ya kila ukurasa. Kisha, kwa kuwa picha haihesabiki, niliingiza namba zote moja moja kwenye jedwali, ili watu wa ofisi wakitaka kuona mafuriko ya mwaka fulani wayaone papo hapo.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote hadi leo.

Katika daftari la mwaka wa mabomu palikuwa na siku ambazo hazikuwa na namba. Tulikuwa chini ya vitanda, sisi na jirani zetu, na hakuna aliyetoka hata kuchota maji. Kwenye ukurasa ule Baba aliacha nafasi tupu, siku kwa siku, na pembeni akaandika kwa herufi ndogo: Sikusoma. Risasi. Jedwali langu, lililojaa kutoka juu hadi chini kwa miaka thelathini, lilionekana pale kama kitambaa kilichochanika. Chuoni tulifundishwa namna ya kukadiria thamani iliyokosekana kati ya mbili zinazojulikana. Ni hesabu nyepesi. Nilichukua namba ya mwisho kabla ya mabomu na ya kwanza baada yake, nikavuta mstari kati yake, nikazijaza siku zote. Sikuandika kwamba ni makadirio. Nilijiambia kwamba ni sayansi. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu yeyote kwenye ofisi ya mji mkuu aseme kuwa baba yangu alikosa kazini.

Diski ilibaki moja. Mwenye duka alinionyesha kasha tupu: ndege iliyotarajiwa haikuja, na hiyo ilikuwa diski tupu ya mwisho dukani kwake, na kwa alivyojua yeye, ya mwisho mjini. Daktari mmoja wa hospitali alikuwa amepata nafasi kwenye ndege ya kesho yake, ambayo ingefika hadi mji mkuu kwa kuzunguka nchi jirani, na alikubali kuibeba. Baba alivaa koti lake la kazi, tukaenda naye Tshopo asubuhi.

Kabla ya kuanza, mwenye duka aliiweka diski kwenye mwanga wa mlango ili Baba aione. Upande wa chini ulikuwa na rangi ya kijani iliyoelekea buluu, safi kabisa. Alimweleza kwamba ndani yake kuna mfereji mwembamba usioonekana kwa jicho, unaoanzia katikati na kuzunguka kwenda nje, na kwamba ukiunyosha utatoka dukani pale hadi gatini na kubaki. Mfereji huo umetoka kiwandani ukiwa mtupu. Mwanga unaufuata na kuunguza rangi, nukta kwa nukta, mahali pengine unaunguza na mahali pengine unaruka, na katika kuunguza na kuruka huko namba zote zinakaa.

“Papa, kuko namna mbili ya kuandika,” alisema. “Ya kwanza, mwanga unaanza katikati na unaenda mpaka mwisho bila kupumua, halafu tunafunga. Hakuna mutu ataongeza kitu tena. Ya pili, tunaandika kipande, tunaacha mulango wazi. Siku ingine tunaongeza kipande ingine.”

Mimi nilitaka ya kwanza. Nilikuwa nimesoma kwenye kijitabu cha chombo kile kwamba diski iliyofungwa husomeka kwenye mashine yoyote, na iliyo wazi huenda ikakataliwa na mashine za zamani. Nilimweleza Baba hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Na kesho asubuhi nikishuka kusoma,” aliniuliza, “ile namba utaiweka wapi?”

Nilimjibu kwamba kesho asubuhi diski itakuwa kwenye ndege.

“Bon. Hata kama. Daftari yenye ingali na karatasi, mimi sijawahi kuifunga.”

Mwenye duka alicheka, akasema hivyo hivyo ndivyo viongozi wa kwaya wanavyomwambia, kwamba nyimbo hazijaisha. Nilikasirika kidogo, lakini madaftari yalikuwa ya Baba. Tukaamua kuiacha wazi.

Kulikuwa na desturi kwenye safu ile ya maduka ambayo sikuwahi kuiona kwingine. Mlango wa pili palikuwa na mama mwenye mashine ya kusagia pondu, na mashine yake ilipoanza kusaga majani ya muhogo umeme wa safu nzima ulilegea, taa zikawa nyekundu. Kwa kazi nyingine hilo halikuwa tatizo. Kwa diski lilikuwa kifo. Mwanga ukishaanza kuandika hausubiri; diski inazunguka, na maneno lazima yafike kwa wakati. Kompyuta ikiduwaa sekunde chache tu, ile akiba ndogo ya maneno inayowekwa mbele ya mwanga inakauka, mwanga unakosa cha kuandika, na diski inaharibika isiwe na faida tena. Kwa hiyo mwenye duka, kabla ya kubonyeza, alikwenda mlango wa pili na kusema neno moja tu, “Tunaandika.” Mama alizima mashine yake. Wanawake waliopanga foleni na beseni za majani waliketi juu ya beseni zao zilizofunikwa. Fundi wa redio wa mlango wa tatu alichomoa chuma chake cha kuunganishia waya. Safu nzima ilinyamaza kwa karibu robo saa, ikingoja mwanga umalize, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua unaandika nini.

Tulisimama nyuma ya meza. Chombo kilikuwa na taa ndogo ya rangi ya chungwa iliyopepesa, na kutoka ndani yake ilisikika sauti nyembamba, kama ya mbu aliye mbali. Baba alikuwa amevua kofia. Sikumwambia aivue. Nilitazama taa ile nikafikiri kwamba wakati huo huo, kwenye mzunguko usiozidi upana wa kiganja, mwanga ulikuwa unapita mafuriko ya mwaka niliozaliwa, unapita ukame wa mwaka ambao bibi alifariki, na hautetemeki. Mpaka leo sijapata neno la hali ile isipokuwa lile tunalotumia kanisani, utakatifu.

Chombo kilifungua mdomo wake na kuitoa diski. Mwenye duka alipiga kofi mara moja, na mlango wa pili mashine ya pondu ikaunguruma.

Baba hakuichukua. Alisema kwamba namba iliyoandikwa husomwa tena kabla ya kutiwa sahihi, na akaomba diski irudishwe ndani ili aone kilichomo. Nilimwonyesha mwaka wa kwanza, akatikisa kichwa kwa furaha alipouona mwandiko wake wa ujana. Kisha akaomba mwaka wa mabomu. Akaomba mwezi. Nilifungua picha ya ukurasa, naye akaiona nafasi tupu na maneno yake madogo pembeni. Akaniambia nifungue jedwali la siku zile zile.

Aliinama karibu na kioo. Namba zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, zikishuka taratibu kwa hatua zilizolingana, jambo ambalo mto haujawahi kufanya tangu uumbwe.

“Nani alisoma?” aliuliza.

Nilishusha jedwali kwenda mwezi uliofuata.

“Siku hizi. Nani alishuka kusoma?”

“Hakuna mtu, Papa. Nilikadiria.”

Hakupaza sauti. Alisema kwamba siku zile alilala chini ya kitanda nikiwa nimeushika mkono wake, na kwamba maji yalipita mbele ya mji wetu bila kuonwa na mtu yeyote, na kwamba hiyo nayo ni habari ambayo ofisi inapaswa kuipata. Halafu aliketi kwenye kreti la soda na kuitazama diski kama mtu anayetazama mtoto aliyepotea njia. Nilijua anachowaza, kwa kuwa nilikuwa nawaza hicho hicho. Miaka thelathini ya namba za kweli ilikuwa sasa imeunganishwa na siku chache za uongo, kwa jina lake, kwenye diski pekee iliyokuwepo. Na msomaji yeyote atakayeugundua ule mteremko ulionyooka atakuwa na haki ya kuishuku miaka yote.

Nilimuuliza mwenye duka kama inawezekana kufuta.

“Dada, hii haifutake. Mwanga ukishaunguza, imeungua. Inaongeza tu.”

Baba aliinua kichwa. Alimwomba aeleze tena. Mwenye duka alieleza kwamba, kwa vile hatukuifunga, anaweza kuandika kipande cha pili nje ya kile cha kwanza. Kipande hicho kitakuwa na jedwali jipya tu. Picha zote hazina haja ya kuandikwa tena; orodha mpya itazielekeza zile zile za zamani kule zilikolala. Mashine itakapofungua diski itasoma orodha ya mwisho, na mtu ataona jedwali la kweli.

“Na lile la kwanza?” aliuliza Baba.

“Litabaki pale chini, Papa. Mutu wa kawaida hataliona. Lakini mwenye anajua kutafuta atalikuta.”

Baba alisimama. Sijui kama nitaweza kuueleza uso wake. Alikuwa kama mtu aliyesafiri mbali, akafika nchi ngeni, na mtu wa kwanza anayekutana naye akamwamkia kwa lugha ya kwao.

“Basi ni daftari,” alisema. “Ni daftari kabisa.”

Nilikaa kwenye kompyuta nikafuta, kwa sababu pale bado iliwezekana kufuta, namba zote nilizozibuni. Mahali pake niliandika maneno yake: Sikusoma. Risasi. Kisha, bila kuambiwa, niliongeza mstari juu ya jedwali kueleza kwamba katika kipande cha kwanza cha diski hii siku hizo zimejazwa kwa makadirio, na kwamba aliyezijaza si msomaji bali binti yake. Nikaandika jina langu. Hiyo ndiyo sahihi ngumu kuliko zote nilizowahi kutia, pamoja na ile ya ndoa.

Safari hii mwenye duka hakutaka kwenda mlango wa pili. Foleni ya wanawake ilikuwa imeongezeka. Baba akaenda mwenyewe, nami nikamfuata. Mama wa mashine alishika kiuno.

“Papa, tena? Kitabu yenu iko nakula pondu ya batoto yangu.”

“Tulikosea namba, mama. Tunasahihisha.”

“Na mwenye alikosea ni nani?”

Baba alinigeukia, macho yake yakicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. “Ni huyu mwenye diplome.”

Wanawake waliangua kicheko, nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Mmoja wao, aliyekuwa akingoja mpunga wake ufike kwa mtumbwi kutoka Opala, alimuuliza Baba kama maji yanapanda. Alimpa namba ya asubuhi ile, na ya jana, na ya juzi, kwa kichwa. Mama wa mashine akazima.

Kipande cha pili kilikuwa kifupi sana. Hata hivyo, diski ilipotoka, mwenye duka aliipeleka mlangoni na kuigeuza mbele ya jua, na tukaona. Kutoka katikati palikuwa na mzunguko mpana wa rangi iliyokolea, picha na jedwali langu la uongo humo humo. Halafu ukaja mpaka mwembamba, kama alama ya tope ambayo mto huacha ukutani ukishuka. Nje ya mpaka huo kulikuwa na mzunguko wa pili, mwembamba, ingawa si mwembamba kama nilivyotarajia kwa jedwali moja. Alituambia kwamba kila kipande huhitaji nafasi ya kufungulia na ya kumalizia. Baba alipendezwa na hilo. Alisema hata yeye huacha pambizo. Nje ya yote kulibaki kijani safi, hadi ukingoni.

Mwenye duka aliuliza kwa mara ya mwisho kama sasa afunge. Baba alitikisa kichwa kukataa.

Daktari aliondoka nayo kesho yake. Miezi mingi ilipita, na nilishaacha kuifikiria, au nilijaribu. Baba aliendelea kushuka gatini. Kisha daktari akarudi kwa njia ile ile ya kuzunguka, na katika mzigo wake kulikuwa na diski yetu, na barua fupi. Ofisi ilisema imenakili kila kitu na inashukuru. Ilisema pia kwamba, kwa kuwa diski ilikuwa na nafasi, wamejiruhusu kuongeza.

Tulikwenda Tshopo. Kabla hata ya kuiingiza kwenye mashine, Baba aliigeuza mbele ya jua. Palikuwa na mzunguko wa tatu.

Humo tulikuta namba za gati la mji mkuu kwa mwaka wa mabomu, kila siku, bila pengo. Mtu ambaye hatumjui alikuwa ameweka alama kwenye wiki kadhaa na kuandika kwamba, kwa hesabu ya mwendo wa mto, maji yaliyopita Kisangani katika siku ambazo hazikusomwa yalifika kwao wakati huo. Mimi, kwa elimu yangu, nilijua kwamba maji yale yalikuwa yamechanganyika njiani na ya mito mingine mingi, na kwamba namba hizo haziwezi kuniambia mto ulisimama wapi gatini kwetu siku ile nilipoushika mkono wa Baba. Nilimwambia hivyo. Alikubali. Lakini hakuacha kukitazama kioo. Barua zilishindwa kuvuka mstari wa vita, meli zilishindwa, watu walishindwa. Maji yalivuka, na upande wa pili alikuwepo mtu aliyeshuka asubuhi na kuyasoma.

Tuliporudi nyumbani alilitoa daftari la mwaka ule sandukuni na kulifungua kwenye ukurasa wenye nafasi tupu. Nilidhani ataandika namba zile. Hakuandika. Aliziacha siku zake zikiwa tupu kama zilivyokuwa, na chini ya maneno Sikusoma. Risasi, kwa herufi ndogo zaidi, aliongeza: Yalisomwa huko chini. Kisha akatia sahihi, akanipa kalamu, akanionyesha mahali pa kutia yangu.